Mikono Kiunoni

Naosha magari na kapeti Kangemi, kando ya Waiyaki Way. Kwetu kapeti zote ni sawa: sabuni, brashi, maji ya presha, kisha unaianika ukutani. Mpaka siku mama mmoja wa Lavington alipoleta zulia jembamba la sufu, kuukuu kuliko mimi na mathe tukijumlishwa.

Jioni aliporudi, alinyoosha kidole. Katikati ya wekundu palikuwa na mkanda uliopauka. “Kijana, hili lilikuwa la marehemu mume wangu. Utalilipa.”

Bosi akasema nitakatwa mshahara. Sikubisha. Kusema kweli, hata mimi niliamini nimeliharibu.

Nyumbani mathe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. “Una hakika ni wewe? Kama hujui, si uende ukaulize wanaojua?”

Kesho yake nikashuka tao na picha kwenye simu. Biashara Street, duka la tatu nililoulizia, mzee mmoja alivaa miwani.

“Hii ni kilimu ya Uturuki. Zamani mfumaji alichemsha rangi yake mwenyewe, kidogo kidogo. Sufu ikiisha kabla ya kazi kuisha, anachemsha nyingine, na wekundu wa pili haulingani na wa kwanza. Inaitwa abrashi. Ona, mkanda umefuata nyuzi, umenyooka toka ukingo hadi ukingo. Maji hayanyooki hivyo. Na rangi ingechuja, ingeanza kuchafua huu weupe.”

Weupe ulikuwa safi kabisa.

Nikamwuliza kuhusu yale maumbo yenye mikono iliyokunjwa kama vipini vya kikombe. Akacheka. “Elibelinde. Kwa Kituruki, mikono kiunoni. Ni mwanamke. Wengi husema ni ishara ya mama na uzazi.”

Mwenye zulia alipokuja Jumamosi, nilimwonyesha ule mstari, mbele na nyuma. Akainama, akaupitisha kidole polepole, mara mbili. “Miaka yote hii nimekanyaga tu,” akasema. Pole hakusema, lakini deni lilifutwa. Pesa nilizokwisha kukatwa, bosi bado “anazitafuta”.

Usiku nikampa mathe simu aone picha. Akaikuza kwa vidole viwili, akawatazama wale wanawake waliopangwa safu kwa safu.

“Na hawa,” akauliza, “walikuwa wakimgombeza nani?”