Andrea ni Jina la Kiume

Jioni moja mwanangu mwenye umri wa miaka tisa alirudi kutoka shuleni akiwa amenuna. Akautupa mkoba, akasema: "Baba, nataka jina langu libadilishwe. Niitwe Andrew." Wenzake walikuwa wamemwona katika sinema msichana wa Kizungu aitwaye Andrea, na tangu siku ile mtoto hakupata raha. Shauri lingekuwa jepesi kama jina lingekuwa lake peke yake. Lakini alipewa jina la babu yake, konstebo mstaafu wa polisi, na mzee huyo alikuwa ameketi barazani, dirisha likiwa wazi.

Mimi nilifunzwa ualimu kabla ya kuingia kazi ya ofisi. Basi nikafanya afanyavyo mwalimu aliyebanwa: nikamwambia mtoto aketi, nikaanza somo.

Jina hili asili yake ni Kiyunani. Wayunani wa kale walimwita mwanamume *aner*, na kwa kusema "wa mwanamume" walisema *andros*. Katika shina hilo likachipuka neno *andreia*, maana yake ushujaa, na kadhalika jina Andreas. Aliyelieneza ulimwenguni ni Mtume Andrea, mvuvi wa Bethsaida, nduguye Simoni Petro. Mapokeo yasema alisulubiwa mjini Patras juu ya msalaba wa mshazari, na msalaba huo ndio ulio katika bendera ya Skotlandi, na katika bendera ya wanamaji wa Urusi vilevile. Wafaransa husema André, Warusi Andrei, Waswidi Anders. Uingereza, mwaka 1964, Andrew lilikuwa miongoni mwa majina kumi waliyopewa wavulana wengi zaidi; leo halimo tena katika kumi hayo.

Waitalia husema Andrea, kama sisi, na kwao limekuwa jina la wanaume tangu kale. Ilikuwa mwaka 2012 tu mahakama yao ya juu ilipokubali kwamba binti naye aweza kuandikishwa kwa jina hilo. Wajerumani na Waingereza ndio waliompa binti, kwa kuwa kwao jina likiishia na *a* hudhaniwa kuwa la kike. Je, Kiswahili kina kanuni hiyo? Nikamwuliza mtoto: "Mbona Yohana, Musa na Juma hawachekwi?" Akatabasamu kidogo, kisha akanuna tena.

Nikamkumbusha Andrea Kaggwa, ambaye kwa ajili yake jina hili limependwa sana Uganda. Huyu alizaliwa Bunyoro, akachukuliwa mateka hata Buganda, akawa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka Mwanga. Aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei, 1886, kwa ajili ya imani yake, na mkono wake ukapelekwa kwa Katikiro. Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu, pamoja na wenzake, tarehe 18 Oktoba, 1964.

"Basi lazima niwe shujaa?" mtoto akauliza. Hapo somo likanishinda kidogo.

Nilikumbuka kitabu cha Plato kiitwacho *Laches*. Ndani yake wazazi wawili wawaendea majemadari wawili wa Athene kutaka shauri juu ya malezi ya wana wao. Vijana hao wanaitwa kwa majina ya babu zao mashuhuri, na baba zao wanahofu kwamba hawatastahili majina hayo. Sokrate awauliza majemadari: *andreia* ni nini? Laches ajibu upesi, kama ambavyo askari yeyote angejibu: ni kusimama mahali ulipowekwa, usimkimbie adui. Lakini Laches yule yule ndiye aliyetangulia kumsifu Sokrate kwa namna alivyorudi nyuma pamoja naye jeshi liliposhindwa huko Delium, mwaka 424 kabla ya Kristo. Wajadiliana mpaka mwisho wa kitabu, na jibu halipatikani. Nami sikuwa nalo.

Ndipo mzee akaingia, akaketi kitandani kwa mjukuu wake.

"Mwezi wa Aprili 1979," akasema, "mizinga ilisikika karibu. Wakubwa wangu walikuwa wameondoka usiku. Nilibaki peke yangu kituoni. Watu husema nilibaki kwa ushujaa. Sivyo. Nilikuwa na funguo mfukoni na mahabusu kumi na mmoja ndani, na miguu yangu ilikuwa ikitetemeka. Nikafungua mlango, tukakimbia pamoja, mimi na wao. Nilivua koti la polisi nikalitupa migombani."

Katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia habari hiyo. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia watu kwamba baba yangu alibaki kukilinda kituo.

Mtoto alimtazama kwa muda mrefu. Hakutaja tena habari ya Andrew.

"Babu, na wale kumi na mmoja?"

"Mmoja nilimwona sokoni baadaye, akiuza ndizi. Alinipa mkungu mzima, akakataa fedha. Wengine sijui."

"Alikuwa ameiba nini?"

"Kuku," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza jioni ile wote wawili wakacheka.