Mwalimu Akitulia, Darasa Linatulia

Watu wakisikia mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wanafikiri kazi yangu ni kushika fimbo na kuandika barua za onyo. Hata mume wangu, enzi za uchumba, alikuwa ananitania hivyo. Jamani, siyo hivyo! Watoto wana walimu wao. Kazi yangu mimi ni hao walimu.

Shule yetu ni ya serikali. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walifurika. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini darasa la kwanza letu lilipita 100, na wote wajue KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtu anayesimama mbele ya umati huo huku mawazo yako nyumbani, atafundisha nini?

Ndiyo maana ninayoyafanya ni mambo ya kawaida tu. Mwenye mtoto anayenyonya simpangii vipindi vya mwisho. Nikimkagua mwalimu darasani, kasoro tunaongea wawili, mlango umefungwa. Sifa namwagia mbele ya wote kwenye kikao. Mzazi akija amefura, anaanzia ofisini kwangu, haendi darasani kumfokea mtu mbele ya wanafunzi. Na mwalimu mgeni haachwi aandae somo peke yake, anakaa na mzoefu.

Sasa sikia mtihani nilioupata mwaka 2019. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza, yule ambaye ikifika mwezi wa saba watoto wake wanasoma sentensi nzima, alikuja na barua ya kuomba uhamisho. Ndoa ina miaka mitatu, mume yuko mkoa mwingine, wanaonana likizo ya Juni na ya Desemba.

"Madam, mwanangu anamwita baba yake anko," akaniambia. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Barua ilikuwa lazima ipitie kwangu. Wenzangu wawili wakanishauri niikalie. "Ukimwachia huyu, darasa la kwanza umeliua." Siyo siri, walikuwa na hoja. Nafasi ya mwalimu ikibaki wazi unaweza kusubiri weee!

Usiku nikamsimulia mume wangu. Akaniuliza swali moja tu: "Huyo ukimzuia, atakufundishia kwa moyo gani?"

Asubuhi nikaipitisha, tena na maoni mazuri. Ila nikamwambia, "Mdogo wangu, tusaidiane kutafuta mtu wa kubadilishana naye." Ofisi nzima ikaingia kazini, kila mmoja anawapigia aliosoma nao chuo. Ilichukua miezi mitano. Miezi hiyo, bila kuombwa, alimshika mkono kijana wa darasa la pili, akamfundisha mbinu zake zote, mpaka kadi za herufi alizokata kwenye maboksi akamwachia.

Na unajua nani alikuja kubadilishana naye? Mwalimu wa hesabu aliyekuwa anamfuata mke wake huku kwetu! Barua mbili, nyumba mbili zikapona.

Nisikudanganye, mwaka wa kwanza watoto walichelewa kidogo kusoma. Mwaka wa pili yule kijana alishapata kasi. Lakini kilichonishangaza ni walimu waliobaki. Mtu akiwa na shida ya nyumbani siku hizi anakuja kuniambia mapema, tunapanga nani atashika kipindi chake. Zamani nilikuwa naambiwa "anaumwa" na darasa linapiga kelele mpaka mchana.

Kwa hiyo wewe unayeongoza watu, iwe benki, dukani au hospitali, kesho chagua mmoja umuulize hali ya nyumbani kwake. Halafu funga mlango, kaa, msikilize mpaka amalize.