Kata na Bomba

Mjukuu wangu mpenzi,

Nimefika Lamu salama. Miguu imevimba kwa basi, lakini halua uliyonifungia imefika nzima. Kuna jambo nililiona kwako nikanyamaza, maana mgeni hasahihishi nyumba ya watu. Sasa niko kwangu, nitasema.

Jumanne bomba lilikuwa kavu. Ukanunua mitungi mitatu kwa kijana wa mkokoteni, na kwa lita 60 hizo ukapika, ukaosha vyombo, tukaoga watu wanne na choo kikapata chake. Nilikusifu kimoyomoyo. Alhamisi maji yakarudi, ukafungua bomba na kusugua sufuria ya pilau huku maji yakienda zake. Bomba lako hujaza mtungi kwa dakika mbili, na wewe ulisugua kwa dakika tano. Sufuria moja ikanywa mitungi miwili na nusu, karibu sawa na maji ya nyumba nzima siku ya Jumanne.

Kwa hiyo sina jipya la kukufundisha. Unajua kuishi na maji, ila bomba linakusahaulisha kwa kuwa halina kipimo. Sisi tulikuzwa na birika la chooni, lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na sahani ya kaure chini ili maji yakipungua wasibaki pakavu. Ulichota kwa kata, na kila kata uliiona ikishuka. Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja, kisichofika lita moja, akaoga kwa pishi, yaani vibaba vinne, au akafikia vitano. Wewe kwa udhu mmoja chini ya bomba unamaliza pishi kabla hujafika miguuni. Weka kopo pale, utawadhe nalo.

Vyombo navyo, beseni mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia. Maji ya kuoshea mchele yamwagie mrehani wako, unakufa kwa kiu pale dirishani. Ya kusuuzia nguo yaweke kwenye ndoo ya choo.

Na hicho choo! Usiku mzima nilikisikia kikinong'ona. Tia rangi ya biriani kidogo kwenye tangi lake, usivute kwa nusu saa. Ukiona bakuli limegeuka manjano, mpira wa ndani umechoka, na mpira wenyewe si ghali. Mwambie mumeo aubadilishe kabla ya kuosha gari tena kwa mpira wa bustani. Gari lile ndoo mbili zalitosha.

Usidhani mimi sijakosea. Mwaka nilipowekewa bomba, maji yalikatika nami nikaliacha wazi, nikaenda arusini. Yalirudi mimi nikiwa kwenye chakacha. Niliporudi, mikeka inaelea. Tangu siku hiyo, bomba likiwa kavu nalifunga kwanza ndipo nalaani.

Ila usije ukageuka bahili. Mgeni amiminiwe maji ya kunawa mpaka aseme basi, mtoto akitoka msalani anawe kwa sabuni, na maji ya kunywa hayapimwi.

Utaniuliza, kwetu Mombasa kuna mabomba ya maji kutoka Mzima na Baricho, nyanya anahangaika na nini? Mimi nahangaika kwa sababu nalijua la kwetu. Maji tunayokunywa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua huzama mchangani, na maji matamu hukaa juu ya ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kuwa kitamu kwa wiki moja wala mbili. Ndiyo maana tunapigia kelele kila anayetaka kujenga juu ya mchanga ule.

Masika yakianza, tega pipa chini ya bati la uani. Mvua ya kwanza iache ioshe kinyesi cha kunguru. Bati la mita 50 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 20 linakupa lita 1,000. Hesabu mwenyewe ni mitungi mingapi ya mkokoteni.

Nimempa dereva kata ya mama yangu akuletee. Kifuu ni kizima, ila mpini umelegea. Uloweke kwanza uvimbe, usiupige msumari.

Nyanya yako