Funguo Nyingi Bila Nyumba: Mchezaji na Maduka ya Michezo ya Tarakilishi

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwazungumzia wanasiasa na raia wao, na ni nadra sana kusikika ikihusishwa na michezo ya tarakilishi. Hata hivyo, anayetaka kuona jinsi nyasi zinavyokanyagwa katika karne hii hana haja ya kwenda malishoni. Na amtazame mchezaji wa kawaida anapoketi jioni mbele ya tarakilishi yake.

Mchezaji huyo ametoka darasani au kazini, na ana saa moja tu ya kujiburudisha kabla ya kulala. Kando yake pana daftari dogo lililojaa maandishi: jina la mchezo, jina la duka la mtandaoni alikoununua, anwani ya barua pepe na neno la siri. Huanza kwa kulifungua daftari hilo kwa sababu hakumbuki mchezo anaoutaka umo katika duka lipi. Analipata duka. Duka linamwambia kuwa mchezo hautaanza mpaka duka la pili, la mchapishaji mwenyewe, lifunguliwe. Duka la pili halimtambui. Linadai neno la siri, linatuma nambari kwenye barua pepe, kisha linatangaza kuwa halina budi kupakua toleo lake jipya kwanza. Bando alilonunua mchana linayeyuka kabla ya mpira hata mmoja kupigwa. Saa yake inakwisha. Anaizima tarakilishi akiwa amechoka kuliko alivyoketi, na hajacheza chochote.

Ilikuwaje basi mtu aliyelipa fedha zake akawa wa kubisha hodi kwenye milango miwili ili aingie chumbani mwake mwenyewe?

Hapo awali mambo yalikuwa mepesi. Mchezo uliuzwa dukani ukiwa kwenye diski ndani ya kasha. Aliyeununua aliondoka nao kwapani, akaucheza, akamwazima jirani, na alipouchoka akauuza. Mnamo Septemba 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilianzisha Steam, programu ya kusambazia michezo kupitia intaneti. Mwezi wa Novemba mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitoa mchezo wa Half-Life 2, na kila aliyeununua, hata yule aliyebeba kasha lenye diski, alilazimika kufungua akaunti ya Steam kabla ya kuucheza. Wengi walinung'unika. Lakini mazoea yana taabu. Kadiri miaka ilivyosonga, Steam ilipokea michezo ya wachapishaji wengine, na mchezaji aliyekuwa amekasirika akaanza kuliona duka hilo kama kabati lake. Kila alichonunua kilikuwa mahali pamoja, marafiki zake walikuwa papo hapo, na neno la siri lilikuwa moja.

Kabati hilo lilikuwa na ushuru wake. Kwa kawaida Valve ilitwaa asilimia 30 ya kila mauzo, na wachapishaji wakubwa wakaanza kuuona ushuru huo kuwa mzito. Mnamo Juni 2011 kampuni ya EA ilifungua duka lake, Origin, na mchezo wake mkubwa wa mwaka huo, Battlefield 3, haukuuzwa Steam. Ubisoft nayo ilikuwa na Uplay, ambayo ilibadilishwa jina mnamo 2020 ikawa Ubisoft Connect. Bethesda ilitoa Fallout 76 mnamo Novemba 2018 kupitia programu yake yenyewe. Desemba ya mwaka huo huo Epic Games, iliyokuwa imetajirika kwa mchezo wa Fortnite, ilifungua duka lililotwaa asilimia 12 pekee. Siku chache kabla ya hapo Valve ilikuwa imetangaza punguzo: mchezo ukivuka mauzo ya dola milioni 10 ungetozwa asilimia 25, na ukivuka milioni 50 ungetozwa asilimia 20. Fahali walikuwa wamepimana nguvu, na nafuu ya kwanza ikawaendea fahali.

Mwanafunzi wa uchumi atauliza: ushindani una ubaya gani? Sokoni, wachuuzi kumi wa nyanya wakipanga mafungu yao safu moja, bei hushuka na mnunuzi hufurahi. Naam, lakini hiyo ni kwa sababu wote kumi wanauza nyanya. Iwapo nyanya zinapatikana kwa mchuuzi mmoja tu, vitunguu kwa mwingine katika soko la pili, na chumvi katika soko la tatu, hao hawashindani hata kidogo. Kila mmoja ni mfalme katika kibanda chake, na mpishi ndiye anayezunguka masoko matatu kabla ya chungu kutokota.

Kisa cha Metro Exodus kinalidhihirisha jambo hili. Mchezo huo ulikuwa umekwisha kutangazwa katika Steam, na baadhi ya watu walikuwa wameulipia mapema. Mwishoni mwa Januari 2019, wiki mbili na ushei kabla ya kutolewa, ilitangazwa kuwa wanunuzi wapya wangeupata katika duka la Epic pekee kwa muda wa mwaka mmoja. Hasira iliyozuka ilikuwa kubwa, na wachezaji waliijaza michezo ya awali ya Metro maoni mabaya. La ajabu ni kwamba nchini Marekani bei ilikuwa imeshuka kutoka dola 59.99 hadi 49.99. Mtu apunguziwe dola 10 kisha akasirike? Hapo ndipo wauzaji walipomsoma mteja vibaya. Kilichomuuma hakikuwa bei. Aliumia kwa kuwa mwenye mali na mwenye duka walikuwa wamekubaliana pembeni juu ya mahali atakapoweka vitu vyake, naye hakuulizwa.

Isitoshe, duka lenyewe halikuwa tayari kumpokea. Duka la Epic lilikaa takriban miaka mitatu, hadi Desemba 2021, bila hata kapu la kutilia bidhaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Duka lililokosa kapu lilitembezwa kwa michezo ambayo haikupatikana penginepo. Haki isemwe hata hivyo: Epic imegawa michezo mingi ya bure, na asilimia 12 ilikuwa nafuu ya kweli kwa waundaji wadogo. Lakini hisani kwa mkono wa kulia haifuti kero iliyoletwa kwa mkono wa kushoto.

Baada ya muda wengi wa waliohama walirejea. EA ilirudi Steam mwishoni mwa mwaka wa 2019. Bethesda iliifunga programu yake mnamo Mei 2022 na kuwahamishia wateja wake Steam. Desemba ya mwaka huo Ubisoft ilirudi na Assassin's Creed Valhalla. Origin yenyewe ilizimwa mnamo Aprili 2025, nafasi yake ikiwa imechukuliwa na programu nyingine ya EA. Mtu angedhani kuwa mchezaji alipumua. La hasha. Wachapishaji kadhaa walirudi wakiwa wamebeba milango yao. Mteja hununua mchezo Steam, akaubonyeza, na ndani yake kukafunguka programu ya mchapishaji inayodai akaunti nyingine. Ni kama mpangaji aliyehamia katika nyumba ya watu akaja na lango lake, akalisimamisha katikati ya sebule.

Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki mlango huo wa pili huenda usiwe na ufunguo kabisa. Mnamo Februari 2024 Sony ilitoa mchezo wa Helldivers 2, na kwa kuwa uliuzwa pia Steam, ulinunuliwa katika nchi nyingi mno. Mwanzoni mwa Mei Sony ilitangaza kuwa wanaoucheza kupitia Steam wangelazimika kuwa na akaunti ya mtandao wake wa PlayStation. Mtandao huo haukuwa ukihudumia rasmi nchi nyingi za dunia, Kenya ikiwa mojawapo. Yule aliyelipa fedha halali akiwa Nairobi au Kisumu alikuwa akiambiwa, kwa maneno mengine, aseme uongo kwamba anaishi nchi nyingine ili acheze alichokinunua. Malalamiko yalimiminika kwa mamia ya maelfu, na baada ya siku chache Sony ikabatilisha agizo hilo. Nyasi zilikuwa zimesimama kwa mara moja. Hata hivyo, tukio hilo lilifunua mambo mawili: kwamba mwenye duka anaweza kuyabadilisha masharti baada ya kupokea fedha, na kwamba alipoyabadilisha, watu wa nchi hizi hawakuwa wamefikiriwa.

Mintarafu ya hayo, inafaa kulichunguza neno ambalo maduka haya yote yameliandika kwenye vitufe vyao: nunua. Kiswahili si maskini wa vitenzi. Anayenunua huondoka na kitu. Anayeazima hushukuru na kurudisha. Anayekodi hulipia muda. Anayepanga hulipa kodi na huweza kufukuzwa. Mja mwenye akili timamu hamwambii mpangaji kuwa amenunua nyumba. Lakini mnamo tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima mitambo ya mchezo wa The Crew, uliokuwa ukiuzwa tangu Desemba 2014. Kwa kuwa mchezo huo haukuweza kuendeshwa bila kuunganishwa na mitambo hiyo, hata mwenye diski mkononi alibaki na duara la plastiki. Kisa hicho kilichochea kampeni ya wachezaji inayoitwa Stop Killing Games, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limetiwa saini zaidi ya milioni 1. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali asilitumie neno kununua bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anapewa leseni tu. Kwa ufupi, watunga sheria wamelazimika kuingilia kati ili kitenzi kirudishiwe maana yake.

Wapo wanaoonyesha kuwa yawezekana kufanya vinginevyo. Duka la GOG, lililoanzishwa mwaka wa 2008, huuza michezo isiyo na kufuli. Aliyenunua huweza kuipakua, akaihifadhi kwake, na kuicheza bila kubisha hodi kwa yeyote. Hii ndiyo maana ya kununua ambayo mtoto yeyote aliyetumwa dukani anaielewa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walimhimiza mwenye mali aandike alicho nacho. Hawakuweza kubashiri zama ambapo mali yenyewe ingekuwa ni maandishi katika daftari, na daftari hilo likae mikononi mwa muuzaji. Daftari dogo lililo kando ya mchezaji wa jioni halina mali yoyote ndani yake. Ni orodha ya milango ambayo wengine wana uwezo wa kuifunga. Maduka na yashindane, na yazidi kushindana, lakini yashindane kwa kumhudumia mnunuzi na si kwa kumgawana. Na lile litakalotaka kuandika neno nunua kwenye kitufe chake, kwanza limpe mnunuzi kitu cha kuondoka nacho.