Siku za Manyunyu

Kanisani kwetu hapa Binghamton, jimbo la New York, watu wakisimama kushuhudia husimulia ajali walizoponea na karatasi za uhamiaji zilizotoka wakati wamekwisha kata tamaa. Mimi sijawahi kusimama. Ushuhuda wangu unahusu vidudu, na naogopa kuchekwa. Basi nauandika.

Nilikuja Marekani nikiwa mtu mzima, nikapata kazi ya usiku katika makao ya kutunzia wazee. Kazi niliimudu. Kilichonishinda ni Oktoba. Majani yakianza kupukutika, mbingu hufunga, manyunyu hushinda kutwa bila kuwa mvua ya maana, na giza huingia watu hawajamaliza chai ya jioni. Nikitoka kazini asubuhi nilivuta mapazia, nikafungua bia, nikalala mpaka zamu nyingine. Mke wangu aliposema nina shida nilimjibu ni uchovu tu. Simu za ndugu zangu wa Nyeri, Kenya, niliziacha ziite. Nilijiona baba mwema kwa kuwa kodi ya nyumba ililipwa, na watoto wangu walikuwa wakipita mlangoni kwangu kwa kunyata.

Kazini kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani, fundi wa matengenezo. Kila asubuhi alinisalimu, nami mara nyingi nilipita bila kuitikia. Asubuhi moja alinikuta kwenye maegesho, nimekaa ndani ya gari lililozimwa, sina nguvu ya kwenda nyumbani. Hakuniuliza kitu. Alisema, "Leo kuna mawingu. Naenda mtoni. Twende." Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno.

Mto wenyewe ni tawi la magharibi la Delaware, chini ya bwawa la Cannonsville, lililojengwa ili kuupatia mji wa New York maji. Maji yanayofunguliwa kuingia mtoni hutoka kwenye kina cha bwawa, baridi hata Agosti, ndiyo maana samaki aina ya trauti wanastawi pale. Trauti niliwajua tangu utotoni. Waliletwa Kenya na Mwingereza Ewart Grogan mwaka 1905, wakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Sisi wavulana tuliwavua kwa minyoo, jicho moja likimchunga askari wa mto. Kwa hiyo nilifika na ujuaji wangu. Nikamwambia mzee kwamba hapa tunahitaji mnyoo mmoja tu na kazi imekwisha. Akacheka, akaniambia nikae juu ya jiwe nitazame maji.

Nilitazama, nikaona maji. Manyunyu yakazidi, nikavuta kofia, nikajuta kuja. Ndipo akanionyesha kwa kidole. Hatua chache kutoka miguuni pangu palielea kidudu kidogo kuliko punje ya mchele, mwili wa kijivu uliochanganyika na kijani, mabawa yamesimama wima kama tanga. Nyuma yake kingine. Nilipokwisha kukiona kimoja nikaona kwamba mto mzima umejaa. Trauti akatoa ncha ya pua, kidudu kikatoweka, kikabaki kiduara kinachopanuka.

Mzee alinieleza polepole. Vidudu hivi hukulia chini ya maji, vimejibanza kwenye mawe. Siku ya kutoka huogelea hadi juu, hupasua ngozi, na husubiri mabawa yawe tayari ndipo viruke. Jua likiwaka havikawii, vinakwenda zao. Kukiwa na baridi na manyunyu huchelewa juu ya maji, na trauti hula bila haraka. "Ndiyo maana huwa naomba mawingu," alisema. Nilimkodolea macho. Mimi hali ile ile nilikuwa nimeilaani miaka yote, nikiifungia pazia, na kumbe umbali wa nusu saa na ushei kwa gari kulikuwa na mtu anayeiombea.

Alinipa ufito wake na chambo bandia cha unyoya wa bata, kimefungwa kwenye ndoana ndogo hata tundu lake sikuliona. Katika uvuvi huu uzito uko kwenye mshipi, chambo hakina uzito wowote, kwa hiyo nguvu za bega hazikusaidii. Nilirusha kwa hasira, mshipi ukaniangukia kichwani. Nilipojifunza kuurusha, mkondo uliuvuta, chambo kikaburutwa juu ya maji, na trauti akageuka akaenda zake. Lazima kielee huru, kama vile vidudu vyenyewe. Nilirudi mtoni mara nyingi kabla ya kumpata wa kwanza, wa kahawia, tumbo la manjano, madoa mekundu ubavuni. Mzee akaniamuru nilowanishe mikono kabla ya kumshika, nisimtoe utelezi unaomlinda, kisha nimwachie. Damu yangu ya Nyeri ililia kidogo. Samaki wa kuliwa yule!

Nisikudanganye kwamba nilipona mtoni. Bia sikuiacha mwaka ule. Novemba ilikuwa mbaya, vidudu vilipungua, na mimi nikarudi nyuma ya mapazia. Mzee ndiye aliyenisihi nimwone daktari, ambaye alinipa dawa na taa ya kuketi mbele yake kila siku. Dawa bado nameza. Lakini mapazia siku hizi hufunguliwa, na mke wangu ndiye anayeniangalizia utabiri wa hewa: "Baba, kesho manyunyu, andaa vitu vyako."

Nilimwuliza mzee kwa nini alinichukua asubuhi ile, mimi ambaye hata salamu zake sikuitikia. Alisema alikuwa na ufito wa ziada.

Kama na wewe uko pande hizi na Oktoba inakulemea, mimi sasa ninao wa ziada, na viatu virefu vya mpira, namba kumi ya huku. Ukivaa soksi mbili vitakutosha.