Bosi anauza, sisi tunaambiwa tushikilie

Najua niliahidi kumalizia makala ya hifadhidata, lakini itabidi ingoje kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwezi jana, na kwa bahati nzuri lina programu ndani yake, kwa hiyo sitatoka nje ya mada zetu sana.

Chama chetu kina watu saba: wanne Lodwar, mmoja Kakuma, na hapa Longech mimi pamoja na mama mmoja muuza samaki. Kati ya vitu tulivyo navyo ni hisa chache za kampuni ndogo ya bayoteknolojia iliyoko Marekani. Jina lake nitaliacha kapuni. Ni kampuni ya ile aina ambayo haina hata dawa moja dukani. Ina maabara, ina majaribio kwa wagonjwa, ina pesa benki za kuila kwa mwaka mmoja hivi, na zikiisha itachapisha hisa mpya iuze, na kipande chetu kizidi kuwa kidogo. Hayo tuliyajua tukiingia.

Tusichokitarajia ni hiki. Mkurugenzi mkuu aliwaandikia wanahisa barua tamu, kwamba mwaka huu ndio mwaka wenyewe, tuwe na subira. Bei ikapanda. Siku sita baadaye yeye mwenyewe akauza furushi la hisa zake. Wiki iliyofuata mkuu wa fedha naye akauza. Bei ikarudi chini kuliko ilipokuwa kabla ya barua.

Kwenye mkutano wa chama, mama akaniuliza: "Sasa mwanangu, huyu mzee anatuambia tushike, mbona yeye anaachilia?"

Mama huyu hajui habari za soko la hisa la New York, lakini anajua ufuo. Hapa kwetu, mwenye mashua akiuza nyavu zake, jua halitui kabla watu wote wa Ghuba ya Ferguson hawajajua. Na hawaishii kujua tu, wanauliza. Ni karo ya shule? Ni mgonjwa yuko hospitali Lodwar? Au amegundua samaki wamehama na hataki kusema? Kuuza si kosa, ila anayeuza huwa na sababu, na wengine wana haki ya kuitafuta.

Sheria ya Marekani inafanana na ufuo wetu, ingawa ilichelewa. Mkubwa wa kampuni anaruhusiwa kuuza hisa zake. Asichoruhusiwa ni kuuza akiwa ameshika habari nzito ambayo umma hauna. Mfano maarufu ni ImClone, kampuni iliyokuwa ikitengeneza dawa ya saratani iitwayo Erbitux. Mwishoni mwa Desemba 2001, mkuu wake, Sam Waksal, alipata fununu kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani itakataa ombi lao. Akajaribu kuuza hisa zake, na binti yake akauza za zaidi ya dola milioni 2. Tarehe 28 Desemba jibu likatoka: ombi limekataliwa. Mwaka 2003 Waksal alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka saba. (Huyu ndiye aliyemponza Martha Stewart wa televisheni, aliyeuza hisa zake siku moja kabla ya habari. Yeye alifungwa miezi mitano mwaka 2004 kwa kuwadanganya wapelelezi.)

Kinachoniuma katika hadithi hiyo ni kwamba dawa yenyewe ilikuwa nzuri! Erbitux iliidhinishwa Februari 2004, na mwaka 2008 Eli Lilly ikainunua ImClone kwa dola 70 kwa kila hisa, jumla kama dola bilioni 6.5. Mwanahisa mdogo aliyekimbia kwa hasira aliiacha karamu nyuma yake. Kwa hiyo bosi kuuza hakukuambii kama dawa inafanya kazi. Kunakuambia habari za bosi, na hata hizo ni lazima uzisome vizuri.

Hapo ndipo tarakilishi inaingia. Zamani wakubwa hawa walikuwa na hadi tarehe 10 ya mwezi unaofuata kutangaza mauzo yao. Tangu Agosti 2002 wana siku mbili za kazi tu, na tangu katikati ya 2003 ni lazima watangaze kwa njia ya kielektroniki. Hati hiyo inaitwa Fomu 4, na zote ziko kwenye mfumo wa EDGAR wa tume ya masoko ya hisa ya Marekani, SEC. Bure kabisa! Huhitaji hata kujisajili. Programu yako ijitambulishe tu kwa jina na baruapepe, na isitume maombi zaidi ya 10 kwa sekunde. Kwa mtandao wa hapa Longech, hilo la 10 kwa sekunde halininyimi usingizi.

Kila fomu ni faili la XML, na kila muamala una herufi yake. S ni kuuza sokoni. P ni kununua sokoni kwa pesa yako mwenyewe. A ni hisa za kupewa kama sehemu ya mshahara. M ni kutumia haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa zamani. F ni hisa zilizokatwa ili kulipa kodi, na hii ndiyo inayowatia watu wazimu bure, maana inaonekana kama mauzo na si uamuzi wa mtu kuikimbia kampuni.

Tena kuna mipango ya kuuza. Tangu mwaka 2000 mkubwa anaweza kupanga mapema kwamba tarehe fulani, au bei ikifika kiasi fulani, ziuzwe hisa kadhaa, halafu asiguse tena. Tarehe 18 Mei 2020, Moderna ilipotangaza matokeo ya mwanzo ya chanjo ya korona, bei iliruka kama asilimia 20, na wakubwa wake wawili wakauza za karibu dola milioni 30 ndani ya siku mbili, kwa mipango ya aina hiyo. Watu walichukia sana. Tangu 2023 kanuni zimekazwa: mkurugenzi akiweka mpango lazima angoje angalau siku 90 kabla ya kuuza, na Fomu 4 ina kisanduku cha kuonyesha kama mauzo yalitoka kwenye mpango.

Nikaandika programu fupi ya Python, mistari kama sitini, ikavuta Fomu 4 zote za kampuni yetu kwa miaka mitatu. Nyingi zilikuwa A, M na F, za kawaida. Mauzo ya mkurugenzi mkuu, yale yaliyotuchoma, yalikuwa na alama ya mpango, na mpango uliwekwa miezi mitano kabla ya barua. Nilishusha pumzi. Mauzo ya mkuu wa fedha hayakuwa na alama yoyote. Na herufi P? Hakuna. Katika miaka mitatu hakuna hata mmoja wao aliyetoa mfukoni mwake dola moja kununua kitu anachotusihi tukishikilie. Mimi hilo limenisumbua kuliko mauzo yote.

Kabla hamjaniambia turudi Nairobi, kumbukeni Uchumi. Duka lile lilifunga milango Juni 2006, na mwaka 2008 kulikuwa na kesi mahakamani za watu walioshtakiwa kuuza hisa zake wakiwa na habari za ndani. Hakuna aliyepatikana na hatia. Kwa miaka mingi, mwanahisa wa kawaida wa Kenya aliyetaka kujua kama mkurugenzi ameuza alikuwa akilinganisha ripoti ya mwaka huu na ya mwaka jana, kwa kidole, mstari kwa mstari. Ni kama kuambiwa leo kwamba nyavu ziliuzwa mwaka jana.

Chama kimeamua kutouza kwanza. Tumeandika barua kwa kampuni, tumeuliza mambo mawili: kwa nini mkuu wa fedha aliuza nje ya mpango, na kama kuna yeyote kwenye bodi anayekusudia kununua. Tumejibiwa kwamba wanatushukuru kwa kuwa wawekezaji. Programu sasa inajiendesha kila jioni, na ikikuta S isiyo na alama, au P ya kwanza, inanitumia ujumbe kwenye simu. Mama ameomba ujumbe huo umfikie yeye pia, kwa Kiswahili, na tena kabla yangu.

Anayetaka msimbo aniandikie, nitamtumia. Makala ya hifadhidata itakuja wiki ijayo, stima ikikubali.