Vita vya Udongo Juu ya Meza

Watu wazima wakicheza bao chini ya mwembe, hapana awachekaye. Lakini watu wazima wakipanga askari wa udongo juu ya meza, jirani huuliza kama wamerudi utotoni. Nasi kwa kuwa tumeulizwa hivyo mara nyingi, twaona vema kuwaeleza wasomaji mchezo huu ni mchezo gani, una faida gani, na tena una hatari gani. Maana hatari nayo imo.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prussia, jina lake von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza ya kuigizia vita. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alitoa kanuni za mchezo huo katika kitabu, na maofisa wakajifunza kazi yao kwa kitabu hicho. Hatimaye raia nao wakaupenda. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells, mtunzi wa hadithi, alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, akaonyesha jinsi ya kupigana sakafuni kwa askari wa risasi na mizinga midogo itupayo vipande vya mti. Naye hakuwa mpenda vita. Alieleza humo kwamba vita hivi vidogo ni bora mno kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata vile vikubwa vikaanza. Mwaka 1965 wapendao vita vya kale walianzisha chama chao huko Uingereza, Society of Ancients. Na mwaka 1990 zikatolewa kanuni fupi ziitwazo De Bellis Antiquitatis, ambazo ndani yake kila jeshi lina kete 12 tu.

Sisi tu walimu wawili, wala hatuna fedha za kuagizia askari wa risasi. Tulichukua udongo wa mfinyanzi, tukawafinyanga watu wasiozidi urefu wa kidole gumba, tukawachoma katika makaa, kisha tukawabandika kwa gundi juu ya vipande vya boksi la chaki. Farasi walitutaabisha, kwa kuwa miguu yao myembamba ilikatika motoni. Ndipo tukawachoma viwiliwili peke yake, na miguu tukawatilia njiti za kiberiti. Rangi tulipewa na fundi aliyemaliza kupaka milango, nyekundu na nyeupe. Mto tuliufanya kwa ukanda wa kitambaa cha buluu.

Vita tulivyovichagua ni vile vya Cannae, huko kusini mwa Italia karibu na mto Aufidus, siku hizi Ofanto, mwaka 216 kabla ya kuzaliwa Kristo. Hannibal wa Karthago alikuwa na watu wapata 40,000 waendao kwa miguu na wapanda farasi 10,000. Warumi, chini ya makonsuli Paullus na Varro, walikuwa wapata 80,000 kwa miguu, na farasi zaidi kidogo ya 6,000. Tukakata shauri kwamba kete moja iwe badala ya watu 2,000. Basi Warumi wakapata kete 43, na Hannibal kete 25.

Kanuni zetu ni nyepesi. Kila zamu mchezaji hutupa dadu kujua ni kete ngapi awezazo kusogeza, kwa sababu amiri vitani hawezi kuwaamrisha watu wote kwa mara moja. Kete mbili zikigusana, kila mmoja hutupa dadu yake na kujumlisha nguvu ya kete yake. Mwenye jumla ndogo hurudi nyuma. Naye aliyezidiwa mara mbili huondolewa mezani.

Hapo ndipo tulipoona kwa macho yale tuliyokuwa tukiyasoma tu. Warumi siku ile waliwapanga watu wao kwa kina kirefu na upana mdogo, wakitumaini kupenya katikati kwa uzito. Hannibal aliwatanguliza Wagali na Wahispania katikati, safu yao imebinuka mbele kama mwezi mwandamo, na Waafrika wake akawaweka ncha zote mbili. Wale wa katikati wakarudi nyuma polepole. Warumi wakawafuata, wakaingia kama maji yaingiavyo katika mfuko. Waafrika wakageuka ndani kulia na kushoto. Farasi wa Hasdrubal, wakiisha kuwafukuza farasi wa Warumi, wakaja wakafunga mlango nyuma.

Mezani jambo hili halina siri. Kete zilizo mbele ndizo zigusanazo na adui. Zilizo nyuma yake hazina la kufanya illa kungoja. Watu husema penye wengi hapaharibiki neno, lakini huko Cannae wingi uliosongamana ndio ulioharibu. Tumevicheza vita hivi mara tano, tukibadilishana majeshi. Warumi walishinda mara mbili, na mara zote mbili mchezaji wao alikuwa ametandaza watu wake na kuacha kete chache nyuma za akiba.

Jioni moja alipita mzee jirani yetu, aliyepata kuwa askari ujanani mwake. Akasimama akitazama, akauliza, “Walimu, kete moja ni watu wangapi?”

Tukamjibu, “Elfu mbili, mzee.”

Akaichukua moja iliyoondolewa, akaiweka katika kiganja, akasema, “Kijiji chetu chote hakifikii hawa.” Kisha akaiweka chini taratibu kama mtu awekaye yai, akaaga akaenda zake.

Neno lake lilitugawanya. Mmoja wetu alisema afadhali tuuache mchezo, kwa kuwa kuwafanya wafu kuwa kete ni kuzoeza moyo usione uchungu. Wa pili akasema kwamba kitabu huzoeza zaidi. Maana mwandishi Livius ataja watu 48,200 wa upande wa Warumi waliouawa siku ile, Paullus mwenyewe akiwa mmoja wao, na mwanafunzi husoma hesabu hiyo kwa pumzi moja akageuza ukurasa. Tulibishana siku nyingi, wala hatukupatana kwa maneno.

Tukapatana kwa desturi. Mchezo ukiisha, hatuzikusanyi kete mara moja. Tunatandika mkeka, na juu yake twapanga kete 24, ambazo ni hesabu ya Livius, na kando yake nne za upande wa Hannibal, maana mshindi naye alizika watu wapata 8,000. Wanafunzi wakija kutazama, twawaambia wahesabu vijiji. Mkubwa katika wao huanza kwa kicheko, akitaja kijiji chake, na cha mjomba wake, na cha ng'ambo ya mto. Afikapo cha sita au cha saba, huwa hacheki tena, na vijiji avijuavyo vimekwisha, lakini kete zilizosalia mkekani bado ni nyingi.